UK-DMC: setilaiti iliyozungumza intaneti, na kituo cha ardhini kilichogeuka ghala

Asubuhi ya Agosti 27, 2008, setilaiti ndogo iitwayo UK-DMC ilipita juu ya ncha ya kusini ya Afrika na kupiga picha ya Rasi ya Tumaini Jema pamoja na ghuba ya False Bay iliyo kando yake. Picha yenyewe haikuwa na la ajabu. Kila nukta yake ilifunika mita 32 ardhini, na mimea ilionekana nyekundu kwa kuwa kamera ilisoma mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Kilichoipa nafasi katika historia ni safari yake. Faili la takriban megabaiti 150 lilikatwa vipande viwili lingali angani, likashuka kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) za intaneti hadi kituo cha Guildford, Uingereza, likakaa hapo, kisha likaendelea kwa njia ya kawaida ya intaneti hadi kituo cha utafiti cha NASA Glenn mjini Cleveland, Ohio. Huko ndiko vipande viwili viliunganishwa vikawa picha moja.

Kule kukaa Guildford ndilo jambo ninalotaka kulichambua. Watu wengi wanaposikia habari za intaneti angani hufikiria mstari mmoja mnyoofu: setilaiti ina anwani ya IP, yaani namba yake ya mtandaoni, mtaalamu ana kompyuta, wawili hao wanaongea. Kisa cha UK-DMC kinaonyesha kwamba mstari huo unawezekana, ulijengwa na ukafanya kazi, lakini kwa kazi ya kushusha data nyingi si mstari unaoutaka.

Setilaiti na wenzake

UK-DMC ilitengenezwa na SSTL, kampuni iliyozaliwa ndani ya Chuo Kikuu cha Surrey, mjini Guildford. Ilirushwa Septemba 27, 2003 kutoka Plesetsk, Urusi, kwa roketi ya Kosmos-3M, ikiwa pamoja na NigeriaSat-1 ya Nigeria na BILSAT-1 ya Uturuki. AlSAT-1 ya Algeria ilikuwa imetangulia Novemba 2002. Kundi hilo liliitwa Disaster Monitoring Constellation (DMC). Kila nchi ilimiliki setilaiti yake na kituo chake, lakini maafa yakitokea popote walishirikiana picha. Ndiyo maana NigeriaSat-1 ilipiga picha za maeneo ya Marekani yaliyokumbwa na kimbunga Katrina mwaka 2005, jambo ambalo wengi hadi leo hulisikia kwa mshangao.

Mpangilio huo una maana kubwa kiufundi. Ukitaka Algiers, Abuja, Ankara na Guildford wote wawe na vituo, kila kifaa maalumu unachokiweka kwenye kituo unakinunua mara nne, na fundi wa kukitengeneza anahitajika sehemu nne. Mashirika makubwa ya anga hutumia viwango vya mawasiliano vya CCSDS, kamati iliyoanza kazi mwaka 1982. Ni viwango imara, na kwa chombo kinachokwenda Zohali sioni sababu ya kuvikataa. Ila vifaa vya kuvisoma havipatikani dukani. Setilaiti za awali za SSTL, au Surrey kwa ufupi, zilitumia AX.25, itifaki ya redio za ridhaa, ambayo ni nafuu lakini haina jamaa wengi nje ya ulimwengu wake.

Mwaka 2000 wahandisi wa Goddard, kituo kingine cha NASA, katika mradi ulioitwa OMNI, walipakia programu ya IP kwenye UoSAT-12, setilaiti ya Surrey ambayo tayari ilikuwa angani, na ikajibu kama kompyuta yoyote ya mtandaoni. Surrey walikuwa wakitazama, na hawakusubiri kushawishiwa mara mbili. Setilaiti za DMC zilijengwa zikizungumza IP tangu mwanzo: pakiti (vifungu vidogo vya data) za IP ndani ya Frame Relay, Frame Relay ndani ya fremu za HDLC. Hizo mbili za mwisho ni teknolojia zilezile zilizounganisha matawi ya benki kwa laini za simu za kukodi miaka ya 1990. Matokeo yake ni kwamba upande wa ardhini, modemu ya redio ikishatoa biti zake, ruta ya kawaida yenye mlango wa siriali inazipokea bila kujua kwamba zimetoka angani. Mimi nadhani huu ndio ushindi mkubwa wa mradi mzima, ingawa haukupata vichwa vya habari.

Hesabu ya dakika kumi

UK-DMC ilizunguka kwenye kimo cha kilomita 686 hivi, ikienda kasi ya karibu kilomita saba na nusu kwa sekunde. Kituo kimoja kiliiona kwa dakika 8 hadi 14 katika mpito mmoja, kisha ikazama nyuma ya upeo. Data ilishuka kwa megabiti 8.1 kwa sekunde. Amri zilipanda kwa biti 9,600 kwa sekunde. Narudia ili isionekane ni kosa la chapa: megabiti 8.1 kushuka, kilobiti 9.6 kupanda. Uwiano ni zaidi ya 840 kwa 1.

Umbali si tatizo hapa. Hata setilaiti ikiwa kwenye upeo kabisa, iko kilomita 3,000 na kidogo kutoka kwenye antena, na mawimbi ya redio huvuka umbali huo kwa milisekunde 10 hivi. Simu yako ikitafuta ukurasa ulioko Ulaya husubiri zaidi ya hapo. Kinachosumbua ni muda mfupi wa kuonana na njia nyembamba ya kupanda.

Sasa chukua TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano yetu, uiweke hapo. TCP hutaka stakabadhi. Mpokeaji hujibu, kwa kawaida baada ya kila pakiti mbili, kwamba amezipata. Kwa kasi ya megabiti 8.1, pakiti za baiti 1,500 hushuka 675 kila sekunde. Stakabadhi ndogo kabisa ni baiti 40, yaani biti 320, kwa hiyo njia ya biti 9,600 hupandisha stakabadhi 30 kwa sekunde na si zaidi. Stakabadhi 30 zinaruhusu pakiti 60. Kati ya pakiti 675 unazoweza kushusha, unashusha 60, chini ya sehemu moja ya kumi. Picha ya Rasi ingehitaji karibu nusu saa, na mpito mrefu kuliko yote ungemalizika ikiwa nusu tu imeshuka.

Hata hapo nimeihurumia TCP. Pakiti ikipotea, TCP hudhani barabara imejaa na hupunguza mwendo kwa adabu, ili wengine nao wapite. Juu ya Guildford hakuna wengine. Njia ni ya setilaiti moja na antena moja. Pakiti ikipotea, ni kwa sababu redio imekosea, na dawa yake ni kuituma tena, si kupunguza mwendo.

Surrey walianza kwa kutumia CFDP, itifaki ya CCSDS ya kuhamisha mafaili, juu ya UDP, itifaki ya intaneti inayotuma pakiti bila kudai stakabadhi. Kisha mwaka 2004 wakaandika yao iliyo nyepesi zaidi, wakaiita Saratoga, jina la manowari ya Marekani iliyozamishwa Bikini katika majaribio ya nyuklia ya 1946. Kanuni yake haina makuu. Mtumaji anamwaga pakiti za UDP kwa kasi yote ambayo redio inaweza. Mpokeaji hatoi stakabadhi kwa alichopata. Mara mojamoja hutuma orodha ya mapengo, yaani sehemu za faili ambazo hazijafika, na mtumaji anayajaza. Njia ya biti 9,600 inatosha kabisa kwa orodha ya mapengo, maana mapengo ni machache. Kwa mtindo huo megabaiti 150 hushuka kwa takriban dakika mbili na nusu, na mpito wa dakika kumi una nafasi ya megabaiti 600 kinadharia.

Angalia kilichotokea hapo. IP imebaki, UDP imebaki, ruta ya dukani imebaki. Kilichotupwa ni TCP peke yake. Mabishano kuhusu kama intaneti inafaa angani au haifai mara nyingi huvichanganya hivi vitu, na watu hubishana miaka bila kugundua kwamba hawazungumzii tabaka moja la mtandao.

Ruta iliyopata umaarufu

Ndani ya UK-DMC kulikuwa pia na abiria: kadi mbili za ruta ya Cisco, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya polisi na ya jeshi. Mradi huo uliitwa CLEO. Ruta hiyo haikukingwa dhidi ya mionzi ya anga. Ilichofanyiwa ni marekebisho machache ambayo fundi yeyote wa elektroniki atayaelewa. Lehemu ya bati tupu ilibadilishwa kwa ya bati na risasi, kwa sababu bati tupu huota nywele nyembamba za chuma zinazoweza kuunganisha nyaya zisizotakiwa kuungana. Kapasita zenye majimaji zilitolewa, maana kwenye ombwe hupasuka au kuvuja, na mahali pake zikawekwa kavu. Betri ya saa ilitolewa kwa sababu hiyohiyo. Soketi za plastiki ziliondolewa na nyaya zikalehemiwa moja kwa moja. Joto, ambalo duniani huondolewa na feni, lilipewa bamba la chuma la kulipeleka kwenye mwili wa setilaiti.

Mwezi Juni 2004 yalifanyika maonyesho katika kambi ya jeshi la anga ya Vandenberg, California. Watumiaji waliokuwa uwanjani waliomba data ya setilaiti kupitia mfumo wa programu, na waliifikia ruta iliyoko angani kwa IP ya kawaida. Ili anwani ya setilaiti isibadilike kila inapohama kutoka kituo kimoja kwenda kingine, walitumia Mobile IP: pakiti zote zilipelekwa kwanza Cleveland, kwenye kile kilichokuwa nyumbani kwa anwani hiyo, na kutoka hapo zikatumwa kwenye kituo kilichokuwa kikiiona setilaiti wakati huo. Machi 2007 ruta hiyo ikatumia IPv6, toleo jipya la IP, na usimbaji wa IPsec ikiwa angani.

Kazi nzuri. Lakini CLEO ilikula umeme wa wati 10 hivi, mzigo mkubwa kwa setilaiti ndogo, kwa hiyo iliwashwa wakati wa majaribio tu. Picha za kila siku, za mafuriko na moto na mazao, zilishuka bila kuihitaji. Kompyuta za hifadhi zilizotunza picha zilizungumza IP zenyewe. Ukisoma magazeti ya wakati ule utadhani ruta ndiyo iliyobeba mradi. Ruta ilithibitisha kwamba kifaa cha dukani kinaweza kuishi angani miaka kadhaa. Haikuthibitisha kwamba setilaiti ya picha inakihitaji.

Pale mishono inapokutana

Turudi kwenye mstari mnyoofu. Tuseme mtaalamu yuko Cleveland na anataka faili moja kwa moja kutoka angani, pakiti kwa pakiti, kituo cha Guildford kikiwa njia ya kupitia tu. Kutoka setilaiti hadi Guildford kuna megabiti 8.1, njia ya faragha isiyo na msongamano. Kutoka Guildford hadi Cleveland kuna intaneti ya umma, ambayo mtu hushiriki na dunia nzima. Ikiwa siku hiyo sehemu ya pili inampa megabiti 2, basi setilaiti nayo inalazimika kwenda kwa megabiti 2, na robo tatu ya mpito inapotea hewani. Mpito ukipita haurudi, na unaofuata unaweza kuwa baada ya saa nyingi.

Aidha Saratoga haiwezi kuachiwa barabara ya umma. Itifaki inayomwaga pakiti bila kujali wengine ni halali pale tu njia inapokuwa yako. Ukiifungulia intaneti ya kawaida unawabana majirani. Kwa hiyo kituo cha ardhini kinakuwa mpaka kati ya nchi mbili zenye sheria tofauti: upande wa juu, kasi yote bila adabu, upande wa chini, TCP na adabu zake zote.

Suluhisho analijua yeyote aliyewahi kuona meli ikipakua Mombasa au Dar es Salaam. Meli haisubiri malori. Shehena inashushwa ghalani kwa mwendo wa meli, meli inaondoka, na malori yanabeba kwa mwendo wa barabara. Kituo kikiwa ghala, kila sehemu ya safari huenda kwa kasi yake, na pakiti iliyopotea kati ya Guildford na Cleveland hairudishi usumbufu angani.

Pwani yetu inalielewa jambo hili kuliko Guildford. Kule Ngomeni, karibu na Malindi, kuna kituo cha anga cha Luigi Broglio kinachoendeshwa na Italia. Darubini ya anga ya Swift, iliyorushwa Novemba 20, 2004, hushusha data zake Malindi, kisha data hizo huenda hadi Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, inakoongozwa. Swift haitumii IP angani, lakini mshono ni uleule. Na kumbuka kwamba hadi SEACOM ilipofunguliwa Julai 2009, Kenya na Tanzania hazikuwa na kebo ya baharini ya nyuzi za kioo iliyoziunganisha na ulimwengu. Intaneti ya nje ilitegemea setilaiti za mawasiliano. Ungejenga kituo cha picha pwani hii mwaka ambao picha ya Rasi ilishuka Guildford, bila ghala usingefika popote.

Mafurushi

Hapo ndipo inapoingia DTN, mtindo wa mtandao unaostahimili ucheleweshaji na kukatika. Itifaki yake kuu, iliyochapishwa Novemba 2007 katika hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 5050, hufunga data kwenye furushi lenye anwani ya mwisho, na kila kituo njiani hulihifadhi hadi njia ya mbele itakapopatikana. Ghala sasa linakuwa sehemu ya kanuni, badala ya kuwa ujanja wa fundi wa kituo husika.

Majaribio ya kwanza kwenye UK-DMC yalianza Januari 2008, wakishirikiana NASA Glenn, Cisco na Surrey. Miongoni mwa walioyaandika ni Will Ivancic wa Glenn na Lloyd Wood wa Cisco. Walikuwa na akili ya kutojitwisha kisichohitajika. Setilaiti haikupewa programu nzima ya DTN. Ilipewa kipande kidogo tu cha kufunga picha katika furushi na kulituma kwa Saratoga. Kupokea, kuhifadhi na kupeleka mbele vilibaki kwa kompyuta ya Guildford, ambayo ina umeme na fundi wa kuizima na kuiwasha. Agosti wakajaribu kukata faili vipande kabla ya kutuma, ili siku moja vipande viweze kushukia vituo tofauti. Vipande vya Rasi ya Tumaini Jema vilifika vyote.

Sifa kubwa ninayowapa ni kwamba waliandika pia yaliyowakera. Furushi la RFC 5050 hubeba saa ya kuzaliwa na muda wa kuishi. Furushi la kuishi saa moja likifika kwenye mashine ambayo saa yake imetangulia kwa saa mbili, linahesabika limekufa na linatupwa, hata kama limefika sekunde moja baada ya kutumwa. Mtandao uliobuniwa kwa ajili ya mazingira magumu unadai kwamba kila mashine iwe na saa sahihi, na kusahihisha saa kunahitaji mawasiliano mazuri, ambayo ndiyo yamekosekana. Kero ya pili ilikuwa mbaya zaidi kimyakimya: RFC 5050 haikuwa na jumla ya uhakiki, yaani namba ya kuthibitisha kwamba data haijaharibika. Biti ikigeuka wakati furushi limelala ghalani, hakuna mtu njiani atakayejua. Ikigeuka ndani ya picha utapata doa. Ikigeuka ndani ya anwani, furushi linaenda kusikojulikana. Saratoga ilikuwa na uhakiki wake wa faili, lakini huo ulilinda hatua moja tu, kutoka angani hadi kituoni.

Malalamiko hayo hayakupendwa na kila mtu, na katika miaka iliyofuata baadhi ya walioyaandika walitilia shaka mtindo wote wa mafurushi. Mimi siendi mbali hivyo. Toleo la saba la itifaki, lililochapishwa Januari 2022 kama RFC 9171, liliweka uhakiki wa CRC kwenye vipande vya furushi, na likaruhusu mashine isiyo na saa ya kuaminika kuhesabu umri wa furushi badala ya tarehe yake ya kuzaliwa. Zile kero mbili zilipata majibu, ingawa zilisubiri zaidi ya miaka 13.

UK-DMC yenyewe ilistaafishwa Novemba 2011, mrithi wake UK-DMC-2 akiwa tayari angani tangu Julai 2009. Cisco walipeleka ruta nyingine angani ndani ya Intelsat 14 mwezi Novemba 2009, safari hii kwenye obiti ya juu ambako setilaiti husimama juu ya sehemu moja ya dunia na tatizo la mpito halipo kabisa. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilianza kutumia DTN katika kazi zake za kawaida mwaka 2016. Na Februari 8, 2024 NASA walirusha PACE, setilaiti ya kuchunguza bahari na hewa, ambayo data zake za kisayansi za kila siku hushuka kama mafurushi, na kama furushi halikupokelewa sawasawa kituoni, setilaiti hulituma tena yenyewe bila mhandisi kuamshwa usiku kuandika amri.